Je, sumaku inaweza kuiba pesa kwenye laini yako?

Mama mmoja anayeuza mboga Gatitu, kaunti ya Nyeri, alituuliza swali ambalo huenda nawe umelisikia: "Ni kweli mtu anaweza kukaa karibu nami kwa matatu na sumaku mfukoni, anyonye pesa zangu zote?" Alikuwa ameanza kuzima simu kila anapoenda sokoni.

Jibu fupi ni hapana. Lakini uvumi huo umebeba kipande cha ukweli, na ni vizuri ukijue.

Shambulio lenyewe likoje?

Kadi ya laini yako ina chipu, yaani kompyuta ndogo kuliko ukucha. Ndani yake mna ufunguo wa siri unaoitambulisha laini yako kwa mtandao. Mshambulizi stadi huweka koili ndogo ya waya karibu kabisa na chipu, kisha hupitisha umeme mkali kwa muda unaopimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde. Mpigo huo wa sumaku huzua umeme usiotarajiwa ndani ya chipu, nayo hukosea: huruka hatua ya programu, au husoma 0 kama 1. Hatua iliyorukwa ikiwa ni ile ya "PIN si sahihi, kataa", mlango umefunguka.

Si hadithi. Mwaka 2019 mtafiti wa Kanada, Colin O'Flynn, alionyesha jinsi ya kutoa siri kwenye Trezor, kifaa cha kuhifadhia bitcoin, kwa njia hii bila hata kukifungua. Lakini alikuwa na kifaa chenyewe mezani. Kwa mtu aliyeketi kando yako kwenye matatu, hilo haliwezekani.

Chipu inajuaje inashambuliwa?

Chipu si mambo ya ng'ambo pekee. Hapo hapo Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na teknolojia hii. Chipu za usalama kwa kawaida hujilinda hivi:

1. Sensa. Saketi ndogo hupima umeme na mwendo wa saa ya chipu. Ishara ikichelewa au kuwahi, chipu hujizima au hufuta siri zake.

2. Kurudia kazi. Chipu hupiga hesabu ileile mara mbili. Majibu yakitofautiana, inasimama. Ni kama wewe unavyohesabu noti mara ya pili kabla ya kuondoka kwa wakala.

3. Kupunguza kwanza. PIN ya kadi ya laini hukubali majaribio 3. Chipu makini hupunguza jaribio kabla ya kuangalia PIN, ndiyo mwizi asipate nafasi ya bure kwa kukata umeme katikati.

Na salio lako? Haliko kwenye kadi. Liko kwenye seva zetu, na PIN yako ya pesa hukaguliwa huko.

Kazi yako ni ipi?

Tapeli hahitaji maabara ukimpa mlango wewe mwenyewe. Kwa hivyo:

- Weka PIN ya kadi ya laini kwenye mipangilio ya simu, ili kadi ikiibwa isitumike kwa simu nyingine.
- Usimwachie mtu usiyemjua laini yako. Ukipeleka simu kwa fundi, toa kadi kwanza.
- Simu ikikosa mtandao ghafla na majirani wanao, usingoje kesho. Huenda mtu amehamisha namba yako kwenye kadi nyingine. Azima simu, pigia huduma kwa wateja, tuifunge akaunti.
- PIN haiulizwi na mtu yeyote, hata sisi.

Mama wa Gatitu sasa haizimi simu yake. Badala yake ameweka PIN kwenye kadi ya laini, kazi ya dakika moja. Nawe fanya hivyo leo.