Uwanja Wetu wa Ndege ni Sawa Kweli?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ndege zilizokuja Kigoma zilitua kwenye changarawe. Kisha njia ya kurukia iliwekwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia. Lakini mwambao wa Tanganyika bado una viwanja visivyo na lami, kama kile cha Mahale. Palipo na barabara mbovu na safari ndefu ya boti, kiwanja cha namna hiyo kinaweza kuokoa mgonjwa. Katika somo hili tujifunze jinsi njia isiyo sawa inavyoiathiri ndege ikiwa ardhini.

Hatari inayoonekana
Mashimo huharibu tairi na gurudumu la mbele. Mawe yanayoruka hukwaruza panga za injini.

Hatari iliyojificha
Tuseme njia ina miinuko midogo kila baada ya mita 25. Gari la kilometa 36 kwa saa huenda mita 10 kwa sekunde. Litakutana na mwinuko mmoja kila sekunde mbili na nusu, na dereva hatahisi kitu. Ndege ya kilometa 180 kwa saa huenda mita 50 kwa sekunde. Hiyo hukutana na miinuko 2 kila sekunde. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, anazidi kupanda. Ndege ikianza kudunda hivyo:
• rubani hawezi kusoma vipimo vizuri;
• magurudumu hayakanyagi ardhi sawasawa, na breki hazishiki;
• vyuma vya miguu huchoka na kupata nyufa.

Kamati ya kiwanja ifanye nini?
1. Msipime kwa gari tu. Tembeeni njia yote kwa miguu.
2. Vuteni kamba ndefu kati ya vigingi, mpime nafasi iliyopo kati ya kamba na ardhi. Hapo mawimbi yataonekana.
3. Jazeni mashimo kwa tabaka, mkimwagia maji kidogo na kushindilia kila tabaka.
4. Zibueni mitaro kabla ya masika, na kagueni tena kila baada ya mvua kubwa.
5. Zuieni magari na mifugo.
6. Mjulisheni rubani hali ya njia kabla hajaruka kuja kwenu.

Maswali ya kujadili
• Nani hukagua kiwanja chetu, na mara ngapi?
• Mgonjwa akizidiwa usiku huu, je, ndege itaweza kutua salama asubuhi?