Dishi la Tunduma Linaangalia Wapi?

Ukitazama mapaa ya Tunduma kuanzia stendi hadi mpakani, utaona madishi yamegawanyika. Ya Azam yameelekea machweo, yakikata kidogo kaskazini. Ya DStv yameelekea kaskazini na yamelala chali zaidi. Si mapenzi ya fundi. Azam hurusha matangazo yake kutoka nyuzi 7 mashariki, yaani juu ya ikweta jirani na kisiwa cha São Tomé. DStv ya ukanda wetu iko nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya mji wa Nakuru, Kenya.

Satelaiti hizo ziko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwenye kimo hicho satelaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, ndiyo maana kwetu huonekana imesimama. Dishi likishakazwa bolti halina haja ya kuguswa tena, labda upepo ulisogeze au mtoto aanike nguo kwenye mlingoti wake.

Kwa Tunduma, Azam hupatikana kwenye nyuzi 288 za dira, ukiinua macho nyuzi 58. DStv ni nyuzi 19, na kimo cha nyuzi 78, yaani karibu na utosi. Vwawa tofauti haifiki nyuzi moja. Usishangae dishi likionekana limeinama kuliko hesabu hiyo: madishi mengi ya nyumbani yametengenezwa yaone juu zaidi ya uso wake kwa takribani nyuzi 25.

Kimo hicho ni bahati yetu. Nyumba iliyo bondeni Ileje inaweza kunyimwa mawimbi ya king'amuzi cha antena na kilima kimoja tu, lakini dishi litapita juu ya kilima hicho bila shida. Kwa hiyo picha ikikatika, tafuta sababu kwenye paa lako kabla ya kulaumu mitambo ya mbali. Mparachichi uliokuwa mfupi wakati dishi linafungwa sasa una matawi. Waya umeungwa kwa selotepu na maji yameingia kwenye kiungio. Kosa ninaloliona zaidi ni LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kufungwa wima bila kuzungushwa. Huku kwetu satelaiti iliyo mbali magharibi hutaka kichwa kizungushwe sana, na fundi mwenye haraka huridhika chaneli mbili tatu zikitokea. Usimlipe kabla hajafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Angalia mstari wa ubora, maana ule wa nguvu unaweza kujaa hata dishi likiwa limeelekea pasipo.

Mvua ni jambo jingine. Kati ya Novemba na Aprili mawingu mazito yakishuka, matone hunyonya mawimbi haya, ambayo urefu wake ni sentimita mbili na ushee tu. Hakuna fundi wa kuzuia hilo, ila dishi la sentimita 90 hukusanya zaidi ya mara mbili ya lile la 60, hivyo huchelewa kukata. Radi zikianza, chomoa umeme na waya wa dishi pia. Wengi huchomoa umeme peke yake.

Siku chache baada ya 21 Machi, na siku chache kabla ya 23 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya satelaiti. Picha ya Azam huweza kupotea karibu saa tisa alasiri, ya DStv kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Ni dakika chache, pengine kumi. Usipande juu ya paa.

Mpakani kuna mtego mwingine. Dishi la Nakonde, upande wa Zambia, na la Tunduma yakiwa ya satelaiti moja huelekezwa mahali pamoja, lakini haki za kurusha vipindi hutolewa nchi kwa nchi. King'amuzi cha DStv kilichosajiliwa Zambia hulipiwa kwa kwacha, na kifurushi chake hakilingani na cha huku. Kabla hujatoa hela ya king'amuzi cha mtumba, mwambie muuzaji akiwashe, andika namba ya kadi, kisha ipigie kampuni uulize kimesajiliwa nchi gani na kwa jina la nani.