Chatu, Mjusi na Majamvi Yetu



Usukuma ukitajwa, yaani Shinyanga, Geita na Mwanza, wengi wetu hukumbuka pamba, ng'ombe na dhahabu. Somo letu la safari hii laanzia huko, lakini si la dhahabu. Ni la chatu, na mwisho wake litatufikisha kwenye majamvi yetu wenyewe.

Wasukuma wana chama cha zamani cha wafuga nyoka, nao huitwa Bayeye. Hujua dawa za sumu ya nyoka, na siku ya ngoma humchukua chatu mzima, wakamzungusha mwilini na kucheza naye mbele ya watu. Watazamaji huogopa meno yake na nguvu zake. Lakini kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo halionekani kwa macho. Ni vijidudu vilivyomo tumboni mwake, ambavyo hutoka pamoja na kinyesi na kushika magamba yake.

Vijidudu hivyo huitwa salmonela, kwa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Viko vya aina mbili. Aina moja huitwa bongori, kwa sababu ilipatikana katika mjusi mjini Bongor, nchi ya Chad, mwaka 1966. Ya pili ni enterika, yenye matawi sita. Tawi moja, ambalo hupatikana sana kwa nyoka na mijusi, huitwa salamae, jina lililotokana na Dar es Salaam.

Mtu atauliza: mbona chatu haugui? Jibu ni kwamba ujirani wao ni wa kale mno. Wataalamu hukadiria kwamba salmonela iliachana na ndugu yake, kijidudu E. koli cha matumbo yetu, tangu miaka milioni 100 iliyopita au zaidi. Katika muda huo kijidudu kilichomwua upesi mwenye nyumba kilikosa pa kukaa, na mnyama asiyeweza kukivumilia alikufa bila kizazi. Mara nyingi waliobaki ni wale waliopatana.

Bongori imebaki zaidi kwa wanyama wa damu baridi. Enterika ilipata fungu jingine la urithi, ambalo huiwezesha kujificha na kuzaana ndani ya chembe hai za mwili. Baadaye tawi lake moja likazoea wanyama wa damu moto: ng'ombe, kuku na sisi wanadamu. Katika tawi hilo ndimo kilimo kijidudu cha homa ya matumbo. Hicho kimepoteza sehemu nyingi za urithi wake, na sasa makao yake ni mwanadamu peke yake. Basi mchimbaji mdogo wa Geita akipata homa ya matumbo, asimlaumu nyoka. Na atazame maji anayokunywa, na mahali watu wa kambi wanapokwenda haja.

Kijidudu cha chatu au mjusi kikiingia kwetu ni mgeni asiyejua adabu ya nyumba. Mtu mzima mwenye afya huenda akaharisha siku chache akapona. Hatari kubwa ni kwa mtoto chini ya miaka 5, mzee, na mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika mikoa ya Ziwa. Kwa hao kijidudu chaweza kuingia katika damu, na kwa mwenye selimundu hushika hata mifupa. Kwa sababu ya watoto, Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe na kasa wadogo ambao gamba lao halifiki inchi 4.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuchezi na chatu, lakini mjusi kafiri yumo katika kila banda, na kinyesi chake huanguka popote. Kikianguka juu ya karafuu, jua halitoshi kukisafisha. Salmonela ikikauka hulala, na yaweza kuishi miezi mingi ndani ya gunia. Wala harufu kali ya karafuu isitudanganye. Mafuta yake huua vijidudu vingi, ni kweli, lakini yamo ndani ya karafuu, na uchafu uko juu. Wanunuzi wa ng'ambo hupima viungo, na shehena ikikutwa na salmonela yaweza kukataliwa. Hapo jasho la msimu mzima hupotea kwa uchafu wa usiku mmoja.

Kwa hiyo twashauri haya:

1. Majamvi yapigwe na kufagiliwa kabla ya kuanika, na jioni karafuu zikusanywe na kufunikwa.

2. Kuku na mbuzi wasipite juu ya karafuu.

3. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na chini ya dari safi.

4. Wachambuaji wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kazi na baada ya kwenda haja.

5. Mtoto aliyeshika kobe, kenge au mjusi anawe kabla ya kula.

6. Mijusi isiuawe. Hula mbu na mende, na kijidudu kile hakikuja kwa nia mbaya yao.

Msukuma humrudisha chatu wake kapuni ngoma ikiisha. Sisi nasi tumwachie mjusi ukuta wake, jamvi liwe la karafuu tu.