Katamarani ya Santorini: asubuhi au jioni?

SWALI: Mtaalamu, Agosti mimi, mume wangu na mama mkwe tutakuwa Santorini, Ugiriki. Tunataka kutembea baharini kwa katamarani. Tuchague safari ya asubuhi au ya machweo?

JIBU: Dada, kwa kuwa mko na mama, nendeni asubuhi. Agosti ni msimu wa meltemi, upepo wa kaskazini ambao mara nyingi hushika kasi mchana. Katamarani, yenye matumbo mawili, hailali upande kama mashua ya tanga ya kawaida, lakini mawimbi mafupi huigonga kwa chini, na mtu mzima huchoka haraka. Machweo mtayaona bure kutoka kijiji cha Oia.

Kabla ya kulipa, ulizeni abiria watakuwa wangapi, kama chakula na usafiri wa kutoka hotelini vimo kwenye bei, na kama fedha hurudishwa upepo ukizuia safari.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi vizuri ni zile chemchemi za moto za Palea Kameni, kisiwa cha volkano ambako safari hizi husimama. Chombo hutia nanga nje ya kijighuba. Mnashuka kwenye bahari ya baridi na kuogelea wenyewe hadi penye maji ya rangi ya kutu. Hayo nayo ni vuguvugu tu. Yana chuma na salfa, na nguo nyeupe ikiingia humo haitakati tena, kwa hiyo vaeni nyeusi. Mama kama si mwogeleaji hodari, abaki chomboni kivulini. Miamba ya volkano ataiona vizuri kutoka hapo.