Nguvu ya kukataa rushwa bandarini

Swali: Mimi ni Mkristo, nafanya kazi bandarini Kismayo, mbali na kanisa langu. Nitapata wapi nguvu ya kukataa rushwa?

Jibu: Ndugu yangu, marufuku pekee haitoshi: Umoja wa Mataifa ulikataza mkaa wa Somalia usafirishwe nje mwaka 2012, na bado ulipakiwa hapo Kismayo. Nguvu huandaliwa kabla ya jaribu, na pengine kwa kujiepusha nalo mapema. Utasema kujiepusha ni woga. Lakini Yusufu alimkimbia mke wa Potifa, naye Yesu jangwani alijibu kwa Maandiko aliyokwisha kuyajua. Tena usipambane peke yako. Jirani zako Wabajuni hufunga Ramadhani pamoja, na umoja huo huwatia nguvu. Mtafute mwamini mmoja, hata kwa simu, umweleze leo ni nani anayekushawishi na kwa kiasi gani.