Athari ya aspirini moja hudumu wiki nzima katika damu

Ukikata sukuma wiki jikoni na kisu kikakuteleza, kidole hutoka damu kwa dakika chache, kisha damu hukoma. Wengi wetu hufunga kitambaa na kuendelea na mapishi bila kujiuliza ni nini kilichoizuia. Hata hivyo, damu hiyo hiyo huweza kuganda mahali pasipofaa, ndani ya mshipa wa moyo au wa ubongo, na mtu akapatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi.

Je, damu hujuaje wakati wa kuganda na wakati wa kutiririka? Na kile kidonge cha aspirini unachonunua kwenye kioski pale Riruta au Kawangware huingilia vipi kazi hiyo?

Wajumbe wawili wa mafuta

Ndani ya damu mna chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani, kwa kuwa zikitulia huwa bapa kama sahani. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 400,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa na huishi kwa siku 7 hadi 10.

Mshipa ukikatika, chembe za kwanza kufika hujibandika penye jeraha. Ili kuziita nyingine, kila chembe huchomoa kutoka utando wake aina ya mafuta iitwayo asidi ya arakidoni. Kimeng'enya kiitwacho saikloksijinesi huibadilisha asidi hiyo, na kimeng'enya kingine humalizia kazi kwa kuunda thromboksani A2. Huyu ndiye mjumbe. Huziamuru chembe zilizo karibu zishikamane, na pia huubana mshipa ili damu ipite kidogo. Kisha nyuzi za protini iitwayo fibrini hulifunga rundo hilo, likawa donge imara.

Mjumbe huyu haishi muda mrefu. Nusu yake huharibika kwa muda wa sekunde 30 hivi. Ni heri iwe hivyo, kwani kama angedumu, angesafiri mwilini akiigandisha damu kila apitapo.

Ukuta wa mshipa wenye afya nao hutumia asidi ile ile ya arakidoni kuunda mjumbe wa pili, prostasaiklini. Huyu hufanya kinyume: huzitenganisha chembe na kuupanua mshipa. Usalama wako hutegemea usawa kati ya hawa wawili. Sigara na kisukari huuharibu ukuta wa mshipa, na mizani ikaelemea upande wa kuganda.

Thromboksani iligunduliwa mwaka wa 1975 na Bengt Samuelsson na wenzake nchini Uswidi. Mwaka uliofuata, John Vane, Salvador Moncada na wenzao waligundua prostasaiklini nchini Uingereza. Samuelsson na Vane, pamoja na Sune Bergström, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1982.

Kazi ya aspirini

Vane alikuwa tayari ameonyesha, mwaka wa 1971, jinsi aspirini inavyofanya kazi: huzuia saikloksijinesi. Hukibandika kimeng'enya hicho kipande kidogo kisichobanduka tena. Seli yenye kiini huweza kutengeneza kimeng'enya kipya baada ya saa chache. Lakini chembe sahani haina kiini. Ikishazibwa, imezibwa hadi ife.

Kwa hivyo aspirini yenyewe huondoka katika damu upesi, lakini athari yake hubaki. Uboho huleta takriban sehemu moja kwa kumi ya chembe mpya kila siku, na huchukua wiki moja au zaidi kabla ya zile za zamani kuisha. Ndiyo sababu miligramu 75 hadi 100 tu kwa siku humtosha mgonjwa wa moyo aliyeandikiwa na daktari. Ibuprofeni huzuia kimeng'enya hicho kwa muda tu, na parasetamoli haisumbui sana chembe sahani.

Jihadhari

Ukienda kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari kama ulimeza aspirini, hata kama ni siku nne zilizopita. Lakini ikiwa uliandikiwa dawa hiyo kwa ajili ya moyo, usiiache kwa hiari yako. Kuiacha ghafla kwaweza kuleta donge ambalo dawa ilikuwa ikilizuia.

Soma karatasi ya dawa. Dawa nyingi za maumivu huchanganya aspirini, parasetamoli na kafeini, na mtu huimeza aspirini bila kujua. Mwulize mwuzaji wa kemisti.

Ukirudi kutoka pwani ukiwa na homa, usitumie aspirini wala ibuprofeni. Mombasa ilikumbwa na homa ya dengi mwaka wa 2013 na tena mwaka wa 2017. Ugonjwa huo hupunguza chembe sahani, na aspirini huzilemaza zile zilizobaki, hivyo mgonjwa huweza kuvuja damu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila agizo la daktari, kwani huweza kumletea ugonjwa adimu wa Reye unaodhuru ini na ubongo. Mwenye vidonda vya tumbo naye ajiepushe nayo, maana kimeng'enya hicho hicho husaidia kuulinda utando wa tumbo. Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu tumboni: nenda hospitali mara moja.

Mwisho, usijianzishie aspirini ya kila siku kwa kusikia kwamba inalinda moyo. Utafiti wa wazee wenye afya zaidi ya 19,000 nchini Australia na Marekani, uliotolewa mwaka wa 2018, haukuona faida iliyotarajiwa, ila walioimeza walivuja damu zaidi. Anza kwa kupimwa presha na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Daktari akishaona majibu, ndipo aamue kama dawa hii inakufaa.