Kilwa Kisiwani kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Msafiri wa Kanda ya Dhahabu

Mtu aliyekulia Nyarugusu, Katoro au Kahama anaijua dhahabu ikiwa bado kwenye mwamba. Anajua duara, kamba, makarasha yanayonguruma hadi usiku, na bei inavyopanda na kushuka kwenye masoko ya madini tangu yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019. Asichopata nafasi ya kukiona ni mji mzima uliojengwa kwa faida ya dhahabu, ukanawiri kwa karne kadhaa, kisha ukabaki magofu. Mji huo upo hapa nchini, kwenye kisiwa kidogo mkoani Lindi, na kwa mtu wa Geita au Shinyanga naona ni safari yenye maana kuliko fukwe zote.

Tuweke jambo moja sawa mapema, maana huulizwa sana: dhahabu ya Kilwa haikutoka Geita. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na masultani wa Kilwa wakaishika njia hiyo na ushuru wake. Mgodi mkubwa wa kwanza Geita ulianza miaka ya 1930 na kufungwa 1966, na huu wa sasa wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kilwa ilikuwa imeshapanda na kuporomoka karne nyingi kabla ya hapo. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani wake imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa zilipatikana mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kati ya yale yaliyo hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa huko 2014.

Ninaposema siku moja, namaanisha siku moja kisiwani. Barabara inataka siku zake. Kutoka Kahama au Shinyanga unapita Tinde, Nzega na Singida hadi Dodoma. Ushauri wangu ni kulala Dodoma na kupanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Njia hiyo ilianza kubeba abiria katikati ya mwaka 2024 na inakupunguzia uchovu mwingi. Basi la moja kwa moja litakufikisha kituo cha Magufuli pale Mbezi usiku, ukiwa hoi, na magari ya Kilwa huondokea Mbagala, upande mwingine kabisa wa jiji. Anayetoka Geita na ana uwezo wa ndege, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limemwondolea foleni ya kivuko, na uwanja wa Mwanza umekuwa karibu.

Dar hadi Kilwa Masoko, mji wa pwani unakopandia boti ya kisiwani, ni kama kilomita 300. Njia inapita Kibiti, inavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na pale Nangurukuru unaiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto. Usilale njia nzima. Eneo hili la Rufiji ndilo ambako Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata shanga za kioo za zama za Warumi, na ndiko alikokuwa akiitafuta Rhapta, soko lililotajwa na mabaharia wa Kigiriki na Kirumi karibu miaka 2,000 iliyopita. Wenzetu huvuka bahari kwenda Roma kuona mabaki ya zama hizo, na wewe unapita kwenye ardhi iliyofanya biashara nazo, ukiwa umekaa kwenye basi.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika huko kusini si ya kubahatisha: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hii upande wa Somanga na watu wakakwama njiani. Miezi ya kiangazi ina upepo wa kusi, ambao mchana huchafua bahari, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuvuka mapema.

Fika Masoko jana yake, tena kabla ofisi za serikali hazijafungwa, kwa sababu huwezi kwenda kisiwani bila kibali. Magofu yako chini ya usimamizi wa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Nenda na kitambulisho cha NIDA, kwani Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na uwe na salio kwenye simu, maana malipo ya serikali hupita kwenye namba ya malipo na si mkononi mwa mtu. Dai risiti. Hapo hapo uliza mwongoza watalii anayetambulika na mkubaliane bei yake na ya boti, kwenda na kurudi, kabla hujalala. Ukipenda kula kisiwani, mwambie mwongozaji siku hiyo hiyo ili wenyeji wakuandalie. Ukizuka saa saba mchana na njaa hutakuta mgahawa unaokusubiri.

Swali ambalo mtu wa bara husahau kuuliza ni hili: kesho maji yanajaa saa ngapi? Sisi tuliozoea ziwa tunadhani maji yapo tu palepale. Pwani maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila kukicha. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na boti ikikuta yamepwa utashushwa mbali na ufuko, uvuke tope kwa miguu viatu vikiwa mkononi. Nahodha anajua. Msikilize yeye kuliko ratiba uliyoandika Geita. Mlangobahari wenyewe ni mwembamba, kama kilomita 2, lakini omba boya la kuvaa na ulivae kweli.

Ukishuka, utakuwa mbele ya Gereza, ngome unayoiona tangu uko majini. Waongozaji wengi huanzia hapo na kumalizia Husuni Kubwa. Mimi naona ni kinyume. Husuni Kubwa iko mashariki, juu ya genge, mwendo wa miguu kutoka kwenye magofu mengine, na haina kivuli. Ukiifikia saa sita jua litakufukuza kabla hujaiona. Mwombe mwongozaji muanze nayo asubuhi, ngozi ikiwa bado baridi, kisha mrudi kwenye misikiti ambako mibuyu na miti mingine inakinga jua.

Tenga muda wa kutosha Husuni Kubwa, kwa sababu ndicho kiini cha safari. Jumba hili lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na lina vyumba zaidi ya 100. Upande wa kusini ni ua mkubwa wa biashara uliozungukwa na maghala. Upande wa kaskazini ni makazi yake, ua wa baraza wenye ngazi za kukalia, na ngazi za kushukia baharini. Katikati lipo bwawa la kuogea la pembe nane. Simama ukingoni uangalie chokaa iliyobaki kwenye kingo, kisha fikiria kazi ya kulijaza, kwenye kisiwa kinachotegemea maji ya visima. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta sultani huyu, aliyejulikana kama Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na akasimulia jinsi fukara kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa, naye akaenda kuzivua na kumpa. Wanaakiolojia wanaamini jumba lenyewe halikuwahi kukamilika. Husuni Ndogo iliyo jirani, ukuta mnene wenye minara, haijaeleweka kazi yake hadi leo, ipitie haraka.

Msikiti Mkuu unataka macho ya fundi. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11 hadi 12. Sehemu pana ya kusini iliongezwa na sultani huyo huyo wa Husuni Kubwa, ikaporomoka, ikajengwa upya karne ya 15 kwa kuba na nguzo za pembe nane. Sogea karibu na mawe yaliyochongwa. Utaona vijitundu vidogo mithili ya sega la nyuki: hayo ni matumbawe, yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi na laini, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo. Mchimbaji anayejua kusoma mwamba atafurahia ukuta huu kuliko mtalii yeyote. Hatua chache kutoka hapo upo msikiti mdogo wa kuba, uliohifadhika vizuri. Inua kichwa utafute vibakuli vya kauri vilivyopachikwa kwenye dari.

Makutani, jumba la karne ya 18, unaweza kulipita kama muda umebana. Gereza liwe la mwisho kwa kuwa liko karibu na boti. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, mwaka waliouteka mji, wakaondoka 1512. Kinachoonekana sasa ni zaidi kazi ya Waomani wa karibu 1800. Tazama upande wa baharini mawimbi yalipoumega.

Watu wanaishi hapa. Ukipita kijijini toa salamu kwanza, shikamoo kwa wakubwa, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Vaa nguo za heshima. Mama na dada wabebe kanga au mtandio. Kwenye misikiti muulize mwongozaji kama uvue viatu, na usipande juu ya ukuta wowote. Beba maji ya kutosha kutoka Masoko, kofia, na viatu vinavyofunga, kwani nyoka na miiba vipo vichakani. Chupa tupu rudi nazo.

Jambo la mwisho linawahusu hasa watu wetu. Huku kwetu uvumi wa mali zilizofukiwa, rupia za Mjerumani na mengineyo, umewachimbisha watu mashimo mengi. Kilwa utakanyaga vigae vya vyungu na kauri za China vikiwa juu ya ardhi. Usiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba au kuondoa vitu hivi bila kibali. Kigae kikiwa mahali pake kinamsaidia mwanaakiolojia kujua umri wa ukuta ulio juu yake. Kikifika Geita mfukoni mwako hakimwambii mtu chochote.

Ukipata siku ya pili, iendee Songo Mnara kwa boti, lakini hiyo ni safari ya kutwa nzima na usijaribu kuibana ndani ya siku ya Kisiwani. Kilwa Kivinje, mji wa misafara wa karne ya 19 wenye boma la Wajerumani, unafikika kwa gari. Na kwa ambaye mfuko hauruhusu kufika Lindi mwaka huu, Kwihara nje kidogo ya Tabora, alikokaa Livingstone mwaka 1872, iko karibu kiasi cha mtu wa Shinyanga kudamka, kuzunguka na kurudi siku hiyo hiyo.

Walimu wa historia wa shule za Geita, Kahama na Shinyanga, anzeni kuchangisha nauli ya wanafunzi mwezi Januari. Kufikia Julai bahari ya asubuhi itakuwa safi na barabara kavu.